Ampli Iliandika PROT

Bunia, le 28 mai 2023

Mutoto wangu Yves,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Uko muzima? Kifua yako ilipona? Unalala mu moustiquaire ya kuzuia mbu kweli, ao uliitundika tu kwa kupamba nyumba? Siye huku tuko wazima, ni goti yangu tu njo inalia wakati ya mvua. Jirani yetu Mama Clémence anakusalimia. Hapana, nafuta iyo. Hajakusalimia. Nitakuelezea.

Ni juu ya ampli ya home cinéma, ile ulininunulia mbele uende kupasula mbao huko Mambasa. Unajua kila dimanche kisha misa naweka film, bafle zote tano zinasema, sauti zinazunguka nyumba, ni kama niko na wageni. Basi Mama Clémence aliniomba ampli kwa chorale ya kanisa yao, walikuwa na campagne ya siku tatu. Nikamupa. Yeye na miye hatunyimane kitu. Lundi wakairudisha, imepanguswa muzuri. Miye mwenyewe nikarudisha fil za bafle, zile nyaya nyekundu na nyeusi, mu matundu yake, nikazifunga nguvu zisichomoke tena. Nikawasha. Ikalia "tak", ikanyamaza, na pale mbele, fasi yenye inaonyeshaka saa, ikaandika na moto mwekundu: PROT.

Mama yako aliishia mu troisième primaire, lakini P na R na O na T nasoma bila miwani. Protestanti! Wameiandika jina yao. Siye wote tunafanya vile: chini ya sufuria yangu kuko AG, chini ya viti vya Mama Clémence kuko CL, ili ku matanga na ku ndoa visipotelee kwa wengine. Lakini mutu anaandika kitu yake, haandike kitu ya mwenzake! Na wameandika ndani, mu moto yenyewe, hata na kisu siwezi kukwangula.

Nilimuuliza Mama Clémence ku bomba ya maji: "Clémence, mulinunua ampli yangu lini?" Akacheka, alizani ni mizaha. Miye sikucheka.

Niambie iyo maandiko inafutwa namna gani. Na ukule muzuri, usikule tu pondu kila siku.

Mama yako,
Agathe


Mu pori ya Mambasa, le 6 juin 2023

Mama mupenzi,

Jambo sana. Barua yako nilipata kwa mukono ya Rachidi, chauffeur wa camion ya mbao, pamoja na karanga. Aksanti. Kifua ilipona, na moustiquaire nalala ndani yake. Réseau ya simu huku hakuna bado, njo maana naandika haraka wakati Rachidi anapakiza.

Mama, mutu hawezi kuandika jina mu ampli vile. Nazani imeharibika tu. Peleka kwa Vital, ule dépanneur wa Bankoko mwenye kutengenezaka maradio, aiangalie. Ikiwa imekufa, usihuzunike. Rachidi anapitaka Ariwara kila mwezi, kule kuko mapya, nitakutumia ingine yenye nguvu zaidi.

Na umuache Mama Clémence na amani. Ndoa ya mutoto wake Rebecca ni le 8 juillet. Miye sipati ruhusa. Uende kwa weye na kwa miye.

Mutoto wako,
Yves


Bunia, le 14 juin 2023

Mutoto wangu Yves,

Salamu nyingi za mama yako. Niko muzima. Nasikia huko mvua inanyesha sana, miti isikuangukie. Angalia juu, usiangalie tu mashini.

Nilibeba ampli peke yake ku kichwa mpaka kwa Vital, bafle nikaziacha nyumbani, mabega yangu si ya gari. Akaiweka ku courant ya umeme. Yves, ikawaka muzuri kabisa! Ikaonyesha saa. Vital ananiangalia kama mutu mwenye kupeleka mutoto muzima ku hospitali. "Mama, hii haina ugonjwa." Nikarudi nayo, nikafunga fil zote vile vile, nikawasha. Tak. PROT. Mardi nikairudisha kwa Vital: muzima. Nyumbani: PROT. Sasa weye mwenye kusoma, niambie. Kwa Vital, mwenye hasali fasi yoyote, inakubali. Mu nyumba yangu, penye kuko Bikira Maria ku ukuta, inakataa. Ni nini tena kama si iyo?

Ingine mupya sitaki. Hii ulifunga na mikono yako mbele uende. Ingine nitaiangalia kama mugeni.

Sasa Mama Clémence. Alileta kikwembe ya ndoa, ya kijani na maua ya manjano, yenye wamama wote wa familia watavaa. Akasema, "Hii ni ya kwako. Utaketi karibu yangu, weye ni mama wa pili wa Rebecca."

Nikamujibu: "Mufute kwanza jina yenu."

"Jina gani?"

"PROT."

"Agathe, uko na malaria?"

Nikamurudishia kikwembe yake. Alisimama ku mulango, akasema polepole: "Na maziwa ulipatia mutoto wangu, iyo pia niliandika jina?" Akaenda.

Unajua Rebecca nilimunyonyesha miezi mine, mama yake alikuwa analala mu hospitali. Weye na yeye, kila mutu upande wake, na weye ulikuwa unamupiga teke. Iyo neno imenikaa mu roho. Lakini siendi kuketi mu kanisa yenye ilikamata kitu yangu.

Mama yako,
Agathe


Mu pori ya Mambasa, le 22 juin 2023

Mama mupenzi,

Jambo. Niko muzima, naangalia juu. Hii barua uisome mara mbili.

PROT si Protestanti. Ni protection. Ampli inajichunga. Wakati inasikia fil mbili zimegusana, inajifunga yenyewe isiungue. Njo maana kwa Vital inakuwa muzima: kule ulipeleka bila bafle, hakuna fil yenye kugusa ingine.

Uliandika kama ulizifunga nguvu. Ulizifunga namna gani, mama? Ulisuka ncha za nyekundu na nyeusi pamoja? Ikiwa ni vile, chomoa courant kwanza. Zifungue. Nyekundu peke yake mu tundu nyekundu, nyeusi peke yake mu nyeusi, hata uzi moja mudogo usiguse wa mwenzake.

Kisha uende kwa Mama Clémence siku iyo iyo. Siku ziko bado. Rachidi anaondoka sasa, anasema dimanche atakuwa Bunia.

Mutoto wako,
Yves


Bunia, le 2 juillet 2023

Yves wangu,

Uko muzima? Rachidi haonekane. Ku parking wanasema camions zote zimesimamishwa Komanda, barabara si muzuri, hakuna mwenye kujua mpaka lini. Wanasema hakuna mutu amekufa. Nauliza kila asubuhi, sasa wananiona nikiwa mbali wanatikisa tu kichwa.

Mama Clémence tunapishana bila neno. Alipita na sufuria tatu za kuazima. Zamani angekuja kuchukua za kwangu.

Nawapatia hii barua ku parking, yule atapita wa kwanza aibebe. Andika hata mustari moja.

Mama


Bunia, le 16 juillet 2023

Mutoto wangu Yves,

Mungu asifiwe uko muzima, Rachidi aliniambia umenenepa hata. Goti yangu imepoa. Barua yako alinipa le 11. Ndoa ilikuwa imepita siku tatu.

Siku yenyewe nilibaki nyumbani. Ngoma ya kanisa yao inafika mpaka mu cour yetu, unajua. Nilichambua maharagi. Nilipomaliza nikarudilia, yenye ilikuwa imekwisha kuchambuliwa.

Ndiyo, nilizisuka. Nyekundu na nyeusi, bafle zote tano, muzuri kabisa, kama nywele ya mutoto wa masomo. Nilizani nafanya kazi safi. Nikazifungua vile uliandika. Nikawasha. Tak. Ikanyamaza kidogo, nikafunga macho, kisha bafle zote zikasema pamoja. Nikaketi chini.

Kesho yake nikabeba ampli ku kichwa na bafle mu gunia, nikaenda. Mama Clémence alikuwa anaosha sahani za ndoa.

"Unahama?" akaniuliza.

"Nakuja kuomba musamaha. Ni miye nilisuka fil. PROT si kanisa yenu. Ni ampli ilikuwa inajichunga."

"Inajichunga na nani?"

"Na miye."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Miye pia nikacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akanishika hapa ku mukono. "Agathe. Ulikosa ndoa ya mutoto wako juu ya kusuka."

"Ingia," akasema. "Yule wa vidéo alileta clé USB yenye film ya ndoa. Télé yetu inasema kama mutu wa mafua, hatukusikia kitu. Funga vyombo yako."

Nikafunga mbele yake, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pole pole. Bafle mbili nikaziweka nyuma ya viti, vile weye unafanyaka. Ndoa ikaanza. Rebecca ni muzuri, Yves, shingo yote inangaa. Wamama wameketi mustari wa mbele, wote kijani. Karibu ya Mama Clémence kuko kiti moja bila mutu. Juu yake, kikwembe imekunjwa.

Papa moja munene, mwenye koti, akakuja anataka kuketi. Mama Clémence akaweka mukono ku kiti. Na sauti yake ikatoka mu bafle zote, mbele na nyuma yetu:

"Hapana, papa. Hii ni ya Mama Yves. Yuko mu njia, anakuja."

Nikaomba warudishe pale. Wakarudisha. Nikaomba tena.

Kikwembe iko kwa fundi. Rebecca na bwana yake watakuja kula kwangu dimanche, nitapika kuku ule mwekundu. Ampli mupya usitume. Hii inakaa wiki moja kwao, wiki moja kwangu. Niliigeuza, nikaandika chini yake na rangi nyeupe: AG CL.

Angalia juu.

Mama yako,
Agathe