Akina Mbuyi kwenye Mpaka wa Dilolo

Dada Zaina, natumaini goti lako limepata nafuu.

Afisa wa mpaka hapa Dilolo ametuambia leo sisi tulio kwenye foleni kwamba orodha ya pamoja ya watu wanaotafutwa katika nchi tatu jirani imeanza kutumika. Wa kwanza kuzuiwa ni mama mmoja muuza unga kutoka Kolwezi. Binti yake aliyeolewa Angola amejifungua mapacha, na yeye anakwenda kuwaogesha. Jina lake, Mbuyi, na mwaka wake wa kuzaliwa vinafanana na vya mwizi wa shaba anayetafutwa ng'ambo.

"Mama, ni mashini njo inakatala, hapana mi," afisa alimwambia.

"Tata, kwetu Kasai kila mutoto wa kwanza wa mapasa ni Mbuyi. Mutafunga bote? Basi muandike na ule mujukuu wangu wa siku tatu, kabla hajakimbia!"

Foleni nzima ilicheka, hata afisa, ambaye dada yake pia ni Mbuyi. Lakini hana ruhusa ya kumpitisha: nchi iliyoandika jina ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa si yeye. Amewatumia wenzake wa ng'ambo alama za vidole vya mama huyo. Mchana nilikula bukari, ugali wa huku, na samaki pamoja na mama huyo. Amekataa kurudi Kolwezi.

Nimekukumbuka sana, dada. Wasalimie watoto, na usibebe maji mpaka upone. Jibu la ng'ambo limeahidiwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Sherehe ya mapacha ni Jumamosi.