Jino la Juu la Mama Yako

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu zako za huko Maskati zimetufika. Nasi hapa Mgogoni tu wazima, alhamdulillahi, na babu yako hachoki kukuombea dua.

Waniuliza umtulize vipi mwanao anayeota meno. Osha kidole vizuri, umsugue ufizi polepole. Mie nilifundishwa na mama mkwe wangu, Bi Time.

Mama yako alianza kuota jino la juu. Enzi zile watu wakisema la juu likitangulia la chini ni mkosi, basi nikamficha chumbani siku tatu, yeye akilia nami nikilia. Asubuhi moja Bi Time akaingia, akanawa mikono iliyonukia karafuu, akampakata na kumsugua ufizi taratibu. Mtoto akanyamaza, macho yakalegea, hata mie nikaanza kusinzia.

"Kumbe la juu," akasema.

Nikaangua kilio.

"Walia nini, mwanangu? Mtoto kaota jino."

Akambeba mpaka barazani, wanawake walikokuwa wakichambua karafuu, akamfunua mdomo huku akicheka: "Njooni muone jino la mjukuu wangu!"

Wakaja mmoja mmoja, wakambusu.

Bibi yako akupendaye