Rangi ya Kope ya Shangazi Leokadia

Jumanne, 8 Julai
Saluni imejaa tangu asubuhi. Nimesuka hadi vidole vikafa ganzi. Wateja walipopungua nikajipaka rangi ya kope. Vibaya kabisa. Poda mashavuni, jicho moja limepanda kuliko jingine. Mama Riziki, Mkongo wa Uvira, ndiye mwenye saluni hii ya mtaa wa Yoba, na hana huruma. Amenifuta mwenyewe kwa pamba. "We unachota poda sawa vile unachota unga ya bugali! Gusa tu, kung'uta brosi, alafu paka. Pole pole."

Nimeudhika. Lakini ni kweli.

Ijumaa, 11 Julai
Simu kutoka kwetu Muyinga. Shangazi Leokadia anaolewa mwisho wa mwezi. Kanisani! Na amepita miaka hamsini. Nimepiga kelele mpaka wateja wakageuka. Mama alipofariki, ndiye aliyenilea katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Mumewe alifia huko huko. Sijawahi kumwona akimlilia.

Huyu wa sasa ni Melkiori, seremala, mgane. Mtu wa taratibu, nasikia.

Shangazi anataka nimpambe mimi. Maishani hajapaka hata poda. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Sasa naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Mama Riziki amenikopesha kope zake nijifunzie. Za mtu mzima, zimelegea kama zitakavyokuwa za Shangazi. Krimu nyembamba kwanza, la sivyo rangi haishiki. Rangi za kumetameta hapana, zinaingia kwenye mikunjo na kuitangaza. Macho yatangulie, uso baadaye, ili poda ikidondoka ifutike. Halafu kusambaza, kusambaza, mpaka usione rangi inapoanzia.

Nimesambaza mpaka akasinzia kitini. Akaanza kukoroma. Furaha tupu.

Alipoamka nikamwambia imvutano ya Shangazi, ile nguo ya harusi, ni ya zambarau, basi nitapaka zambarau. Akatikisa kichwa. "Rangi ya nguo ibakie ku nguo." Sikumsikiliza. Nimeinunua sokoni. Inapendeza mno.

Ijumaa, 25 Julai. Muyinga
Gari limepatikana kwa taabu. Vumbi hadi masikioni.

Dafroza, binti wa Shangazi, kanipokea kwa uso mkavu. "Mnataka kumfanya mama kichekesho."

Jioni tukajaribu. Nikapaka zambarau, nikasambaza kama nilivyofundishwa. Nikampa kioo, nikisubiri acheke.

Hakucheka. Akagusa chini ya jicho kwa kidole, polepole, kama panauma.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nikienda kuchota maji."

Sikuelewa. Dafroza alielewa. Akaweka chini sahani aliyoshika, akatoka nje.

Ndipo nikakumbuka. Kule kambini tulikuwa tunaambiwa Shangazi ameanguka. Tulikuwa watoto, tuliamini. Kila mara jicho limevilia damu, kila mara ameanguka.

Nikamfuta. Akanishika kifundo cha mkono, akasema mimi sina kosa, ila kesho afadhali aende na uso wake tu. Nikasema sawa, Shangazi.

Nina hasira. Mtu amekufa miaka mingi, na mkono wake bado uko usoni mwa mwenzake.

Jumamosi, 26 Julai
Sikuufungua mkoba wangu asubuhi. Dafroza ndiye aliyeuleta. Macho yamevimba, amelia. "Mpake mama," akasema. "Si ile. Nyingine." Kisha kwa mama yake: "Ukitaka lakini. Usipotaka tunaacha."

Shangazi akatutazama sote wawili. Akavuta kigoda mlangoni penye mwanga, akafumba macho.

Kahawia, ya kahawa iliyokaangwa kidogo. Brosi inagusa, nakung'uta, napaka. Nyepesi zaidi karibu na pua. Nzito kidogo kwenye pembe ya nje, iinue jicho. Kila hatua nilimwambia ninachofanya, asishtuke. Mwanzoni kope zilikuwa zinacheza. Baadaye zikatulia.

Dafroza akamshikia kioo.

"Naonekana kama mtu aliyelala vizuri," akasema Shangazi.

Dafroza akacheka huku analia. Mimi pia.

Kanisani Melkiori alisahau kujibu. Mchungaji akarudia swali. Watu wakacheka, naye akasema ndiyo kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Jumatatu, 28 Julai
Nimepita kwa Melkiori kuaga. Asubuhi tulivu. Yeye yuko kwenye kibanda chake anapiga randa, ananisalimia kwa kichwa kwa sababu mdomoni ana misumari.

Shangazi akaniingiza ndani. Akataka brosi. Nikadhani anataka kupakwa. Hapana, anataka kujifunza.

Mkono wake umezoea jembe. Ulichota poda nyingi, nikamwonyesha, akakung'uta. Jicho la kushoto likatoka sawa. La kulia likazidi kidogo, likapanda karibu na nyusi. Nikanyoosha kidole nilirekebishe.

"Liache," akasema. "Hilo nimelipaka mimi."

Akasimama, akachukua ungo, akatoka uani kupepeta maharage.