Mwanga wa Wingu

Lembang, Jumapili

Dada Euis,

Mdogo wako, kijana mzuri kuliko wote huku mlimani, anakusalimu. Ng'ombe wa baba kazaa ndama mwenye masikio kama yako. Mama anakohoa kidogo tu.

Zile nyota za moto nilizogundua kwenye data za darubini, ambazo mwanga wake mwekundu huchomoza kama mwiba kwenye skrini, nilimpelekea Bwana Tatang, mkuu wa kituo cha nyota ninakojifunza kazi.

"Mzee, andaa mkataba wangu!"

Akafungua vipimo vya anga tupu kando ya nyota. Mwiba uleule!

"Cecep, huu mwanga ni wa wingu la gesi lililozizunguka. Hukulinganisha? Umegundua wingu linalojulikana tangu babu yako hajaota meno!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi nikacheka kuwashinda. Mkataba sikupata; kesho narudi kukamua ng'ombe.

Dada, najua nilikuandikia ufunge mizigo, eti mshahara wangu utatosha dawa za mama. Kama hujamuaga yule bibi wa Taipei, usimuage. Kama umeshamuaga, mwombe akurudishe kazini, na akikufokea, nyamaza.

Kikohozi cha mama si kidogo.

Mdogo wako,
Cecep