Tano Tisa

Dada yangu mpenzi,

Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakusalimu. Paa la jikoni bado linavuja, na fundi bado "yuko njiani."

Yale mashindano ya dunia ya wapenzi wa redio za mawasiliano yamepita. Baba alishiriki akiwa kitandani, mimi nikimshikia maikrofoni. Unakumbuka desturi yao: ukimpata hewani mtu wa nchi nyingine, mnapeana alama ya usikivu. Na kila mtu humpa mwenzake tano tisa, yaani nakusikia vizuri kabisa, hata kama anachosikia ni mikwaruzo mitupu.

Safari hii kila aliyempata alimwomba arudie jina la kituo, kisha arudie tena. Sauti imemwishia, Dada. Halafu wakampa tano tisa.

Nikamchangamkia, "Umeona, Baba? Wanakusikia vizuri!"

Akavua hedfoni taratibu. "Usinifanye mtoto. Mimi mwenyewe dada yako akipiga simu humwambia sijambo. Nayo ni tano tisa hiyo hiyo."

Akageukia ukutani.

Jumapili utapiga, naye atakwambia hajambo. Usibishane naye. Kata tiketi uje.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba