Kiingereza na Jina la Baba Mkwe

Garsen, Jumanne usiku, 1998

Leo jua limewaka kana kwamba halijui juzi tu hapa palikuwa na maji hadi madirishani. Matope ya El Nino yamekauka yakawa vumbi, na vumbi lote naona limeamua kuingia machoni mwangu. Nina hasira. Mwandiko ukiwa mbaya, sababu ni hiyo.

Nimechoka na Kiingereza.

Mimi ni mwanafunzi wa ngumbaru, darasa la watu wazima, pale shule ya msingi. Watoto wakitoka alasiri, sisi tunaingia. Madawati ni yao, mafupi, na magoti yetu yanagonga mbao kila tukijisogeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Sisi tumeinama mpaka viuno vinauma na cha mvunguni bado hatujakiona.

Nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi: yote nayajua kwa majina yake ya Kiingereza. Niamshe usingizini nitakutajia bila kufumbua macho. Kirai najua ni nini, na kishazi pia. Lakini niambie niijenge sentensi moja yangu mwenyewe, ya jambo lililo moyoni, uone nitakavyotokwa na jasho.

Kiorma chetu kinaweka kitenzi mwisho. Unamsikiliza mtu mpaka amalize ndipo ujue ng'ombe aliuzwa au aliliwa. Kiswahili nacho kimekipa kitenzi mzigo wa kila mtu: nikisema nilimwona, mimi nimo, yeye yumo, na wakati uliopita umo, neno moja tu. Sasa Kiingereza kinataka kila mmoja asimame kivyake kwenye foleni, mtendaji mbele, kitendo katikati, mtendwa nyuma. Halafu kuna kile kineno chao, the. Nilimwuliza mwalimu maana yake. Alifikiri sana, kisha akasema peke yake hakina maana lakini lazima kiwepo. Nikamwangalia tu.

Mwalimu wetu anaitwa Mutua. Ni mtu wa bara, Mkamba, ameletwa huku mwaka jana. Si mtu mbaya. Nalisema hilo sasa, kabla sijaanza kumsema vibaya, kwa sababu nikishaanza sitakumbuka.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mafuriko kuna kliniki ya gari inayokuja Garsen, ya akina mama na watoto. Daktari ni mwanamke kutoka Nairobi. Hajui Kiorma, na mama zetu wa vijijini hawajui Kiingereza, na Kiswahili chao ni cha kununulia sukari. Mkalimani aliyekuwepo ni mwanamume. Ni mama gani wa Kiorma atakayemweleza mwanamume mgeni kwamba damu haikati tangu ajifungue? Wanakaa kwenye benchi, wanasema wanaumwa kichwa, wanapewa dawa ya kichwa, wanarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Kwa hiyo daktari amemwomba Mwalimu Mutua amtafutie mkalimani mwanamke kutoka darasa letu. Mmoja tu. Jina lake lipelekwe kesho jioni.

Mimi nimeitaka kazi hii kufa kupona. Nilitolewa shule darasa la sita nikaolewa, na sijalalamika, Baba Halima ni mume mwema. Lakini ng'ombe wanahama Ijumaa baada ya swala, na baba mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye ng'ombe na mwenye neno la mwisho, alishasema: nikipata kazi, mimi na Halima tutabaki hapa mjini. Nisipopata, nifunge mizigo pamoja na wengine, kwa sababu Kiingereza kisicho na kazi ni kelele tu. Tukishahama, ngumbaru ndiyo basi.

Leo mwalimu alitupima ili achague.

Kila mmoja alisimama mbele aeleze kuhusu nyumbani kwake kwa sentensi kamili. Nani, anafanya nini, wapi, lini. Amina wa Kipini alitangulia, akateleza kama maji. Amina Kiingereza anakijua, sikatai, alifanya kazi kwa Wazungu kule pwani. Kiorma chake ndicho kama cha kuku. Akaketi, akaninong'oneza, "Kajitahidi, mwanangu, mambo ni kangaja." Amina ananiita mwanangu ingawa tumezaliwa mwaka mmoja. Ni kunichokoza tu.

Nikasimama. Mwalimu akaniambia nieleze kuhusu baba yake mume wangu, mzee mwenye ng'ombe wengi, ambaye hata yeye Mutua anamjua. Nafikiri alitaka kunirahisishia. Nikaanza: he. Mwalimu akasema hapana, he ni nani? Nomino kwanza, kiwakilishi baadaye. Nikasema, baba wa mume wangu. Akasema vizuri, na jina lake?

Nikanyamaza.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Halitamki mbele yake wala nyuma yake, wala akiwa peke yake porini. Tangu niingie nyumba ile sijawahi. Kukiwa na mtu mwingine mwenye jina hilohilo mimi humwita Yule Jina Kubwa, na kila mtu anaelewa. Hata hapa siliandiki, na hakuna anayesoma.

Mwalimu akadhani nimesahau neno la kusema jina. Akarudia polepole, kama anayeongea na kiziwi. Jina. La. Mzee. Akachukua chaki akaliandika ubaoni, kubwa, akaniambia basi soma. Nikageuza uso nikaangalia dirisha. Mama Rukia, Mworma mwenzangu, alijifunika leso asilione. Wengine wakaanza kucheka, wale wasiojua.

Nilitaka kueleza. Wallahi nilitaka. Maneno yote yalikuwepo kichwani: mke, desturi, heshima, siwezi, kwa sababu. Nomino zipo, vitenzi vipo, lakini vimekaa vurugu kama ng'ombe kwenye kivuko, huyu anaenda huku, yule anarudi. Nikasema kitu kama, me no name father respect. Darasa zima likaangua kicheko. Ndipo nikakasirika nikaeleza kwa Kiswahili, haraka, sentensi safi kabisa, yenye kila kitu ndani yake.

Mwalimu hakuisikiliza. Aliinua kidole, akaenda kabatini akaleta diski.

Diski ni kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akiongea lugha yoyote isiyo Kiingereza huvishwa shingoni, akae nacho mpaka mwingine akosee. Mwalimu ameileta sheria hiyo kwetu pia, watu wazima. Nikavishwa, mama wa mtoto, mbele ya watu niliowazidi umri. Nikarudi kwenye kile kidawati nikaketi.

Mwisho wa somo aliniita pembeni akasema kwa upole kwamba atapeleka jina la Amina. Akasema kazi ya kliniki inaanza na kuandika majina, na mtu asiyeweza kutaja hata jina la mkwewe ataandikaje ya wengine?

Hapo ndipo panaponiuma mpaka sasa. Maana Amina atafanya nini? Mama atakuja kutoka kijiji cha Wema au kutoka malishoni, Amina atamwuliza jina la mume, jina la mkwe. Mama atanyamaza. Amina ataandika kwamba mgonjwa hajui. Mimi ningemwuliza aliyemsindikiza. Ningejua ni lini mama amenyamaza kwa heshima na ni lini amenyamaza kwa maumivu. Sikuweza kumwambia mwalimu hayo. Nilimwambia yes, teacher, nikaondoka.

Yes, teacher. Ndicho Kiingereza changu chote hicho.

Nilivyofika nyumbani nilikuwa nimepofuka kwa hasira. Nikachemsha chai, nikampelekea baba mkwe na Baba Halima pale uani. Huwa naweka sinia, natazama chini, narudi jikoni. Nilipoinama kuweka sinia, kitu kikagonga vikombe. Nilikuwa bado nimevaa diski.

Mzee akauliza, "Huyu amefungwa kengele ya ng'ombe?"

Nilikimbilia jikoni. Sikujua nilie au nicheke, basi nikalia. Kupitia ukuta wa makuti nikamsikia Baba Halima akieleza, maana alishayasikia kwa mume wa Mama Rukia. Habari Garsen haihitaji gari. Akaeleza yote, mpaka ubao na chaki.

Mzee akanywa chai. Akaomba nyingine. Mimi nikawa nangoja aseme, "Nilisema mimi," kwa sababu tangu mwanzo alisema. Mwanamke na Kiingereza wapi na wapi, hilo ni neno lake la kila siku. Ni mkaidi mzee yule, akishasimama mahali ni kama ndama, umvute masikio usimvute yeye hatoki.

Kisha akaniita kwa jina la mwanangu, kama kawaida yake, akasema kutoka kule uani, "Mama Halima. Nimekuruhusu. Litaje."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema aliyekatazwa ametolewa katazo na mwenye jina mwenyewe, basi nilitaje hapo hapo nilipo, nizoee, kesho nikamwambie huyo mwalimu.

Nikafungua kinywa.

Halikutoka. Nililiona jina zima, lile la chaki, herufi baada ya herufi. Nikasukuma. Baba Halima akasema jaribu, nikajaribu, nikatoa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Na hapo nilijichukia kuliko nilivyomchukia mwalimu alasiri nzima. Nimepewa ruhusa ambayo hakuna mke wa nyumba hii amewahi kupewa, na bado siwezi. Kumbe Kiingereza nakisingizia bure. Hata kwa Kiorma singeweza, hata kwa lugha ya ndege.

Nikamwambia, kwa Kiorma, na sauti yangu ilikuwa mbaya: "Siwezi, nisamehe. Nitafunga mizigo."

Nikamsikia akikohoa, akitema tumbaku. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kugombana sokoni, "Nani kakwambia ufunge? Hayo mengine yote ya Kiingereza unayajua?"

Nikasema najua.

"Basi sema hayo mengine. Hilo moja nitalisema mimi."

Sikumwelewa. Ilibidi Baba Halima anieleze. Mzee amesema kesho atakuja ngumbaru. Atasimama mlangoni. Mwalimu akiuliza jina, yeye atalitaja, kisha mimi nitaendelea na sentensi yangu. Na kama mwalimu anataka kujua kwa nini, yeye mzee atamweleza kwa Kiswahili chake kile kibovu, na avishwe yeye hicho kibao kama kuna mtu ana mkono wa kumvisha.

Tumefanya mazoezi mpaka adhana ya magharibi. Yeye uani kwenye kigoda, mimi jikoni, ukuta katikati. Mwanzoni alikuwa anachelewa, anasubiri mimi nimalize ndipo aseme jina lake, maana kwetu ya muhimu husubiri mwisho. Nikamwambia hapana, kwa Kiingereza mtendaji anatangulia. Akasema hapo angalau Wazungu wamefanya adabu.

Halafu ikaja taabu nyingine. Akitaja jina lake anaongeza la babake, na la babu yake, na la baba wa babu, anapanda tu juu, na mimi huku nimeshika kitenzi mkononi sina pa kukiweka. Nikamwambia jina moja linatosha. Akakataa kabisa. Akasema jina moja ni la mbuzi. Nikabishana naye, mimi, mkaza mwana, nikabishana na baba mkwe kuhusu kiima cha sentensi, na Baba Halima alikuwa anacheka mpaka akatoka nje ya ua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka na kichwa kinagonga.

Mwishowe ameshuka mpaka kwa babu. Chini ya hapo hataki.

Sentensi yenyewe si lolote. Baada ya majina yake nasema kwamba ana ng'ombe wengi, na kwamba mimi ni mke wa mwanawe, na kwamba wanawake wa kwetu hawayataji majina ya wakwe, ndiyo maana kliniki inamhitaji mtu anayelijua hilo. Hiyo sehemu ya mwisho imenitoa jasho. Nimeivunja na kuijenga tangu jioni, na bado sina hakika wapi panahitaji the na wapi hapahitaji. Nimekiweka kineno hicho kila mahali, kitakachozidi mwalimu atakitoa.

Huenda akakataa. Huenda akasema sentensi ni ya mtu mmoja, na watu wawili hawawezi kuisema, na kitabu chake hakina kitu kama hicho. Huenda kesho jioni jina la Amina likaenda, na Ijumaa mimi nikawa nyuma ya ng'ombe nikila vumbi pamoja na kile nilichojifunza. Naogopa, siwezi kusema siogopi.

Lakini sentensi yangu ataisikia kwanza, mpaka nukta yake, na mwenye jina atakuwa amesimama pale mlangoni.