Kabla Diski Hazijahamishwa

Jumatatu, 2 Oktoba 1967

Awil yu hai! Naandika tena ili niamini: mwanangu yu hai.

Maka, mchuuzi wetu, amekuja na samli yake kutoka upande wa Hulugho. Akaketi, akanywa chai, akawalaani askari wa kizuizi cha barabarani waliochovya vijiti katika kila mtungi wake wakitafuta risasi. "Samli yote sasa ina ladha ya mkono wa askari," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile: mwanao anakusalimu. Kikombe kikaniponyoka. Anasema amekonda. Bunduki hana tena. Amechoka na vita, anataka kurudi nyumbani.

Mji mzima unajua Awil yuko Aden, anapakia meli. Mimi ndiye niliyeuambia mji hivyo. Hata dada yangu hajui kwamba yuko porini na waasi.

Asubuhi nimekohoa damu tena. Dresa wa zahanati hunitazama siku hizi kama mtu anayetazama lori lililozama matopeni — bila haraka, bila tumaini. Sawa. Nimwone Awil tu, kisha basi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Guleid, mtoto wa dada yangu, ameingia na msafara wa malori kutoka Nairobi. Vumbi hadi kwenye kope, na tai shingoni! Nikamwuliza, "Abti, umevaa tai kuja kumposa nani?" Akajibu, "Wewe, abti, nani mwingine atanikubali?" Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo moja. Kusoma nilimfundisha mimi.

Kazi yake ni kompyuta. Amenieleza, nami nimeelewa kiasi. Majina ya watu wote waliotiwa kwenye vijiji vya seng'enge yamo kwenye diski — sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, zinazunguka mchana kutwa. Diski hizo ni za zamani na zimejaa. Mwezi huu zinanunuliwa mpya, majina yote yahamishiwe huko, na za zamani zifutwe zipewe ofisi nyingine.

Lakini programu ya kuhamisha ina kasoro. Ikikuta watu wawili wenye majina matatu yanayofanana, inamwandika wa pili juu ya wa kwanza. Wa kwanza anapotea! Nilicheka hadi kifua kikauma. Huku kwetu, ambako kila mtoto hupewa jina la babu, si watabaki watu wa kujaza basi moja? Yeye hakucheka. Waliounda mashine wametuma marekebisho, anayaita viraka. Ni kasha la kadi zilizotobolewa matundu. Lazima viraka vitiwe kwanza, ndipo diski zihamishwe. Kimoja kinaongeza nafasi ya jina la utani, ili wenye majina sawa watofautishwe.

Na majina ya utani ya watu wa Garissa nani anayajua? Mimi, karani mstaafu, mkalimani wa kila DC aliyepita hapa. Nimejisikia kijana.

Jumamosi, 7 Oktoba

Kutwa barazani. Guleid anasoma majina yaliyogongana, mimi namtajia. Dhegaweyne, wa masikio makubwa. Faruur, wa mdomo uliopasuka. Langare, anayechechemea. Guleid, aliyepelekwa Nairobi akiwa mtoto, akauliza kama hawakasiriki. Wakasirike nini? Mwite Langare kwa jina alilopewa na baba yake, ndipo atashtuka. Atadhani umemletea habari ya msiba.

Tukafika hapo.

"Awil Mursal Adow," akasoma. "Na Awil Mursal Adow."

Mursal Adow ni mimi.

Wa kwanza ameandikwa langoni mwa kijiji. Huyo ni Gurey, yule wa mkono wa kushoto, mchimba visima. Marehemu baba yake alikuwa wajina wangu, jina lake na la baba yake pia. Wa pili hana kijiji, hana mke, hana mnyama. Ana alama tu, alama ya nne. Nikauliza ni ya nini. Guleid akasema hajui, alama zinatoka ofisi nyingine, wao wanahifadhi tu. Mimi nilijua: ni ya waasi. Kuna mtu amekamatwa huko porini akaulizwa majina ya wenzake.

"Abti, huyu si Awil wetu?"

"Awil wetu yuko Aden. Huyo ni Gurey. Kaandikwa mara mbili."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Basi nawaunganisha," akasema, akatia alama ya kalamu, akaendelea na jina lililofuata.

Ilikuwa rahisi hivyo! Nilidhani ulimi utakauka. Enzi zangu ofisini, mtu akiandikwa mara mbili tulikata mstari wa pili kwa rula na wino mwekundu, kwisha. Mwanangu amekatwa. Atarudi mtu asiye na doa.

Nimekula nyama leo. Mungu anisamehe, nimekula na nikaongeza.

Jumapili, 8 Oktoba

Guleid ameondoka na msafara. Kanibusu mkono. Maka naye ameondoka na ujumbe wangu kwa Awil. Jina lako halipo tena, njoo.

Jumatano, 18 Oktoba

Wamemkamata Gurey!

Langoni, akitoka kisimani na kamba zake begani. Karatasi mpya za majina, zilizochapwa kwa viraka vya Guleid, zimefika kutoka Nairobi. Askari akapitisha kidole, akasoma, akarudia kusoma, akamwita mwenzake. Wakamlaza kifudifudi mbele ya watoto wake.

Rahmo, mkewe, amekuja kwangu akikimbia, kiatu kimoja, akiniita adeer, yaani ami. "Adeer, wanasema Awil wangu ni shifta! Tangu lini? Mtu huyu anaogopa beberu! Akimwona beberu hupanda juu ya kitanda, naye ndiye atashambulia lori la serikali?"

Nilitaka kucheka. Pumzi ikakataa.

Anataka nimwandikie barua ya kumwombea mumewe. Adeer wewe unajua maneno yao, akasema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimeandika barua ya Rahmo. Barua nzuri, yenye hoja. Sikufuta neno hata moja — hilo ndilo lililonitisha.

Nimeelewa sasa. Mashine haikati mstari. Guleid alisema kuunganisha, nami nikasikia kukata kwa sababu ndiko nilikokuzoea. Imechukua kijiji cha Gurey, mke wa Gurey, watoto wa Gurey, ikaviweka pamoja na alama ya mwanangu. Viraka vimefanya kazi yake sawasawa. Guleid amefanya nilivyomwambia. Hakuna mwingine wa kumtazama.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Inspekta. Kijana wa bara, mpole, akanipa kiti chake mwenyewe. Nikamwambia Gurey ni mtu wa visima, namjua tangu akitambaa. Akasikiliza yote. "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini hii mashine haina shemeji hapa Garissa. Haijakunywa chai kwa mtu." Kisha akauliza taratibu: yuko Awil Mursal Adow mwingine unayemjua?

Nikasema hapana.

Nyuma ya ukuta Gurey alikuwa anaita. Biyo, biyo. Maji. Askari mmoja akamwuliza mwenzake, huyu anasema nini, anaomba dua? Mwingine akasema anatukana. Hakuna hata mmoja mle aliyejua Kisomali. Mimi ndiye mkalimani — maisha yangu yote nimelipwa mkate kwa kusema mtu fulani anasema nini.

Nikachukua bakora yangu, nikaaga.

Jumatatu, 23 Oktoba

Siwezi kuandika zaidi juu ya Jumamosi. Nilijaribu jana.

Maka amerudi. Awil ameshaondoka huko, yuko njiani kuja. Alipoambiwa jina lake halipo tena, alicheka, akasema baba bado ana meno. Nilimwuliza Maka kama mtu anaweza kumfuata amrudishe. Akaniangalia kama mwenda wazimu. "Juzi njoo, leo rudi? Sasa yuko peke yake porini, mzee. Njia aliyoshika anaijua yeye na Mungu."

Nilipaswa kufurahi!

Jumanne, 24 Oktoba

Simu ya maandishi kutoka kwa Guleid. Viraka vyote vimekubali. Diski zinahamishwa Ijumaa. Asante abti.

Rahmo naye amekuja. Ijumaa hiyo hiyo wanampeleka Gurey kwa lori. Wapi? Hakuna anayesema. Mwanamke mmoja wa kijijini kamwambia aanze kukaa eda mapema, apunguze siku! Rahmo alimtupia kata ya maji. Akanisimulia huku akinimiminia maziwa ya ngamia aliyoniletea. "Kunywa, adeer. Upate nguvu ya kuandika nyingine."

Nimeyanywa.

Basi niandike hapa nisichoweza kumwambia mtu. Nikinyamaza hadi Ijumaa, diski za zamani, ambako bado wameandikwa wawili, zitafutwa. Hapatakuwa popote duniani na Awil wawili. Hata nikitaka kusema kweli Jumamosi, itakuwa maneno ya mzee mwenye homa. Gurey atakwenda na alama ya nne, na mwanangu ataingia mlango huu akiwa mweupe kama maziwa. Nikisema, ataingia mlango huu na askari wanamsubiri.

Nimesali. Sikuomba uongofu. Niliomba nife kabla ya Ijumaa nisiwe na la kuchagua. Mtu niliyesoma hivi, naomba hivyo!

Alhamisi, 26 Oktoba

Naandika nikiwa posta, kwenye benchi. Nimekuja kwa gari la punda. Nimemwita Rahmo aje nami, sikumwambia kwa nini. Hakuuliza. Alikuja amebeba mto wa kuniwekea mgongoni.

Tangu hali ya hatari kila simu ina askari wake. Huyu wa leo amekaa ukutani na vidude masikioni, anakula njugu. Karani ni kijana wetu, p kwake ni b. "Bole bole mzee," kila mara, "Nairobi iko mbali, sauti inakuja kwa miguu."

Ikaja. "Abti! Umepona?"

Nikasema, "Wale Awil. Si mmoja. Ni wawili."

Ikarudi sauti yake, ndogo, kama alipokuwa mtoto amevunja kitu: "Abti, una hakika? Ujue simu hii inasikilizwa."

Najua, nikasema.

Akavuta pumzi. Akasema bado hawajaanza, anaweza kuwatenganisha leo. Lakini programu sasa haikubali nafasi tupu. Ndivyo kiraka kilivyo. Wa kwanza ni Gurey, mume wa Rahmo, hilo analo. "Na wa pili, abti? Niandike anaitwa nani, na ni wa nani?"

Hapo laini ikakatika.

Karani anasema ningoje, wanairudisha. Askari ameacha njugu. Amevua vidude masikioni, ananitazama.

Rahmo amesikia upande wangu. Amenisogelea, macho yanang'aa — sijamwona hivi tangu wamkamate. "Yuko wa pili? Adeer, umempata? Ni nani?"

Nimemwambia atasikia sasa hivi.

"Alhamdulillahi!" Ameinua mikono yote miwili, hapa, mbele ya askari. "Mungu amlaani huyo, na amlaani baba aliyemzaa!"

Nimesema amin. Kwa sauti. Amenishukuru.

Kengele inalia. Karani ananyoosha mkono wa simu juu ya meza, Nairobi imerudi, ananiita mzee haraka. Rahmo amenishika kiwiko aniinue. Taratibu, adeer, anasema, usianguke sasa